Mwanasesere Aliyemtunzia Jina Mchoraji Wake

Oktoba 1955, msomaji wa gazeti la Pittsburgh Courier alikutana na kibonzo cha fremu moja. Mtoto wa kike wa miaka mitano au sita yuko na dada yake mkubwa, mrembo aliyevaa akapendeza. Mtoto anasema hataki aonekane mwepesi wa kushtuka kwa mambo haya, lakini kile kibirika kipya cheupe kimempigia mluzi sasa hivi. Dada hajibu. Picha imeishia hapo.

Wiki chache kabla yake, Emmett Till, kijana wa miaka 14 kutoka Chicago, alikuwa amekwenda kuwatembelea jamaa zake Mississippi. Akatuhumiwa kumpigia mluzi mwanamke wa Kizungu dukani. Agosti 28 alichukuliwa usiku, akateswa, akauawa, mwili ukatupwa mtoni. Septemba wazee wa mahakama, wote wanaume wa Kizungu, walijadiliana kwa muda wa saa moja hivi, kisha wakawaachia huru washitakiwa wawili. Courier lilikuwa gazeti la Wamarekani weusi. Wasomaji wake hawakuhitaji kufafanuliwa kwa nini mluzi wa birika unaweza kumtia mtoto mweusi kiwewe.

Nimekirudia kibonzo hicho mara nyingi. Kinachonishangaza ni jinsi kilivyo na vitu vichache: jikoni, birika na mtoto mwenye mdomo mwepesi. Hakuna damu wala hakimu, na jina la Mississippi halitajwi. Hata hivyo msiba wote umo. Aliyekichora aliishi Chicago, mji uleule wa Till, na jina lake ni Jackie Ormes. Mwulize mpenzi yeyote wa vibonzo akutajie wachoraji wakubwa wa Marekani wa karne iliyopita. Atakutajia wanaume kumi kabla hajamfikia, kama atamfikia. Kwa miaka mingi hata wanahistoria wa fani hiyo hawakumfikia.

Nataka kueleza kwa nini ilikuwa hivyo, maana jibu tunalolizoea, kwamba alikuwa mweusi na alikuwa mwanamke, ni la kweli lakini halitoshi. Wapo wanawake weusi wa zama zake ambao majina yao hayakupotea. La Ormes lilipotea kwa sababu ya vitu alivyofanyia kazi: magazeti ya wiki na midoli. Na lilipookolewa, kilichoanza kuliokoa ni mdoli.

Alizaliwa Agosti 1, 1911, katika eneo la Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, akaitwa Zelda Mavin Jackson. Baba yake alikuwa na kiwanda cha uchapaji na jumba la sinema. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1917, binti akiwa bado mdogo. Mama akaolewa tena, familia ikahamia mji mdogo wa Monongahela, na huko ndiko alikomalizia sekondari mwaka 1930. Alikuwa bado mwanafunzi alipomwandikia barua Robert Vann, mhariri wa Courier, kuomba kazi. Vann akajibu. Kazi ya kwanza aliyopewa, msichana wa shule, ilikuwa kwenda kuripoti pambano la ngumi. Baadaye akawa msahihishaji wa prufu na ripota wa kujitegemea. Nalitaja hili kwa sababu linaonekana kwenye michoro yake. Ormes alichora kama mtu aliyelelewa chumba cha habari, anayejua kwamba maneno yakizidi yatakatwa na kwamba msomaji wa gazeti hana muda.

Mei 1, 1937 akaanza mfululizo wake wa kwanza ndani ya Courier. Mhusika mkuu alikuwa Torchy Brown, msichana wa shamba huko Mississippi anayefunga safari kwenda New York kutafuta jina kwa kucheza na kuimba. Stesheni ya treni kuna vibao viwili, kimoja kinawaelekeza Wazungu na kingine kinawaelekeza Weusi. Torchy anajifanya hajui kusoma, anakwenda kukaa anakotaka. Mzaha huo ulichapwa wakati ambapo kukaa pasipo pako kungeweza kumgharimu mtu maisha. Courier lilikuwa na matoleo mengi yaliyosambaa nchi nzima, na watumishi weusi wa mabehewa ya kulala waliyabeba hadi miji ya kusini ambako halikupendwa na wenye madaraka. Kwa hiyo Torchy alipanda treni kwenye karatasi, na karatasi yenyewe ikapanda treni.

Mfululizo ulidumu mwaka mmoja. Mwaka 1942 Ormes na mumewe, Earl, walihamia Chicago. Akasoma sanaa kidogo katika chuo cha Art Institute, akaandika hapa na pale kwenye gazeti la Chicago Defender, na mwaka 1945 akalichorea kwa miezi michache kibonzo cha Candy, mtumishi wa nyumbani mwenye majibu makali. Mwaka huohuo akarudi Courier na kibonzo kilichomdumu kuliko vyote. Kwa miaka kumi na moja, hadi 1956, kila wiki dada wawili walionekana katika fremu moja: Ginger, mkubwa, ambaye hasemi kitu, na Patty-Jo, mdogo, ambaye hanyamazi.

Mpangilio huo una akili kuliko unavyoonekana. Kinywani mwa mtoto, Ormes alipata kinga. Mtu mzima mweusi akiuliza hadharani ni kamati gani ya Bunge iliyoamua kwamba kuwa mweusi ni uadui dhidi ya Marekani, huyo anafunguliwa faili. Mtoto akiliuliza neno hilohilo, ni utundu. Ginger naye, kwa ukimya wake, amekaa mahali pa msomaji. Yeye ndiye mtu mzima anayejua kwamba mtoto amesema kweli, na anayejua pia kinachowapata wasema kweli. Ukimtazama usoni, macho yameduwaa kidogo na mwili umejikaza, unaona hesabu anayoipiga kichwani.

Kinga hiyo haikutosha. Shirika la upelelezi la FBI lilimfungulia Ormes faili ambalo, kwa muda wa miaka kumi hivi, lilifikia kurasa 287. Mwanamke anayechora watoto na nguo za kupendeza alifuatiliwa kama tishio.

Sasa nije kwa mdoli.

Mwaka 1947 Ormes aliingia mkataba na Terri Lee, kampuni ya midoli ya mji wa Lincoln, Nebraska, na kabla ya Krismasi ya mwaka huo Patty-Jo akawa dukani. Alikuwa mwanasesere wa plastiki ngumu, urefu inchi 16, yaani sentimeta 40 hivi, mwenye nywele za kusukwa na kuchanwa, na mavazi ya kila namna, yote ya kushonwa vizuri. Kuna wanaoandika kwamba huyu ndiye mwanasesere mweusi wa kwanza Marekani. Si kweli, na Ormes hahitaji kusingiziwa sifa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mchungaji Richard Henry Boyd wa Nashville alikuwa tayari anauza wanasesere weusi wenye heshima. Alichokileta Patty-Jo ni kingine: alikuwa mtoto mweusi aliyekuwa na maneno yake kabla ya kuwa na mwili. Mtoto aliyemkumbatia alijua sauti yake na ubishi wake, na kwamba haonewi akanyamaza.

Hapa inabidi kuangalia kazi ya mikono. Kalibu ya Patty-Jo ilikuwa ileile ya mdoli wa kawaida wa kampuni, msichana wa Kizungu. Ormes hakuweza kubadili pua, mashavu wala umbo la mdomo. Kilichobaki mikononi mwake ni rangi ya plastiki, nywele, nguo, na zaidi ya yote nyusi, macho na midomo, vitu vinavyopakwa kwa brashi. Akashika brashi mwenyewe, akapaka nyuso. Fikiria mwandishi wa gazeti, mwenye kibonzo cha kumalizia wiki hiyo, amekaa mezani na vichwa vya plastiki mbele yake, anapinda nyusi moja juu kidogo ili mtoto aonekane anataka kusema kitu. Usanii aliouweka pale ni wa milimita chache. Kwangu mimi milimita hizo ndizo zinazotenganisha mdoli wa Kizungu aliyebadilishwa rangi na Patty-Jo.

Ili kuona uzito wake, weka kando ya Patty-Jo mdoli mwingine aliyetoka kwenye kalamu ya mwanamke. Florence Upton, aliyezaliwa New York na kuhamia Uingereza, alitoa mwaka 1895 kitabu cha watoto chenye mhusika aliyemwita Golliwogg: mweusi tii, macho ya duara, midomo mikubwa, nywele timtim. Alimtoa kwa mdoli wa kikaragosi aliouchezea utotoni, uliofanana na waigizaji wa Kizungu waliojipaka masizi kuwadhihaki Weusi. Upton hakumsajili mhusika wake. Watengenezaji wa midoli wakamchukua bila kumlipa, wakamfanya wa kutisha zaidi, wakamuuza kwa vizazi kadhaa. Upton alidhulumiwa, na hilo lisemwe. Lakini ona mizani ilivyo: kikaragosi cha kumdhihaki mtu mweusi kilienea dunia nzima na kimepata vitabu na mijadala isiyoisha, na mtoto mweusi aliyechorwa kwa upendo na mwanamke mweusi aliuzwa kwa miaka miwili tu, kisha akapotelea kwenye masanduku ya darini. Mkataba wa Ormes ulikwisha 1949.

Wakati Patty-Jo yuko dukani, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark walikuwa wamekwisha kuwaweka watoto weusi mbele ya wanasesere wanne, wawili weupe na wawili wa kahawia, wakawauliza yupi mzuri, yupi mbaya. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Utafiti wa aina hiyo ulitajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya Mei 1954 iliyoharamisha kuwatenga wanafunzi kwa rangi. Majina ya akina Clark yako kwenye vitabu vya sheria na vya saikolojia, na yanastahili kuwapo. Ila katika jaribio lao mwanasesere alikuwa kipimo cha jeraha. Mwanasesere wa Ormes alikuwa dawa, na waliokuwa na mamlaka ya kuandika historia walipenda zaidi kuhesabu majeraha.

Hata katika dawa, ya mwingine ilisikika zaidi. Mwaka 1951 kampuni ya Ideal ilitoa mwanasesere mweusi aliyeitwa Saralee, aliyebuniwa kwa juhudi za mwanamke wa Kizungu wa Florida, Sara Lee Creech. Mradi huo uliungwa mkono na watu wenye majina makubwa, akiwamo Eleanor Roosevelt, mjane wa Rais Franklin Roosevelt, na mwandishi Zora Neale Hurston. Nia ilikuwa njema na simlaumu Creech. Lakini Patty-Jo alimtangulia kwa miaka minne, na nyuma yake hakukuwa na mke wa rais wa zamani. Kulikuwa na kibonzo cha kila wiki na brashi.

Kwa hiyo kwa nini alisahaulika? Nafikiri aliangukia katikati ya makabati matatu. Historia ya vibonzo iliandikwa na watu waliofuatilia magazeti makubwa ya kila siku na mashirika yaliyoyauzia katuni, na huko mwanamke mweusi hakuingia hadi 1991, Barbara Brandon-Croft alipopokewa na shirika mojawapo. Ormes alichapwa katika magazeti ya Weusi pekee, kwa hiyo kabati hilo halikumwona. Wanahistoria wa magazeti ya Weusi walitafuta wahariri, kampeni na makala za siasa, na ukurasa wa vibonzo waliuruka kama sisi tunavyouruka ukurasa wa mafumbo tukitafuta habari. Kabati la tatu ni la wakusanyaji wa midoli, ambao walijua kampuni, kalibu na mwaka, lakini hawakuwa na sababu ya kumjua mchoraji.

Na karatasi nazo huwa zinakufa. Tunajua wenyewe gazeti la juzi linakoishia: kufungia karanga, kufutia kioo. Chumba cha gazeti hakikuhifadhi michoro halisi kama hati za ardhi. Maktaba zilipiga picha za kurasa kwenye filamu ndogo nyeusi na nyeupe, na rangi zikapotea. Hasara hiyo imeiumiza zaidi kazi yake ya 1950 hadi 1954, aliporudi na Torchy katika nyongeza ya rangi ya Courier. Huyu alikuwa Torchy mwingine, mwanamke mzima anayependa, anayeachwa, anayesimama tena. Mwisho anajikuta katika mji wa kusini pamoja na daktari anayempenda, wakipambana na kiwanda kinachomwaga sumu na kuwaletea watu magonjwa, na tajiri wake mbaguzi. Mwaka ulikuwa 1954. Leo tungeiita hadithi ya mazingira, na ilichapwa kwenye ukurasa wa vibonzo vya mwisho wa wiki.

Kando ya hadithi hiyo Ormes aliweka mwanasesere wa karatasi: Torchy akiwa na nguo za ndani, na pembeni yake magauni, makoti na kofia za kukata kwa mkasi na kumvalisha. Kuna wasomi waliowahi kuuona kama upuuzi wa mitindo uliochafua siasa zake. Napingana nao kabisa. Msichana mweusi wa 1951 alipofungua magazeti ya mitindo hakumwona mtu wa kufanana naye. Hapa alipewa mwili wa rangi yake, wenye umbo la heshima, na nguo nzuri zinazomkaa. Alizikata kwa mkono wake na kumvalisha kwa mkono wake. Siasa ipi ingemfikia mtoto karibu zaidi ya hapo?

Maisha yake ya ndani yalikuwa na jeraha moja ninaloligusa kwa adabu. Ormes na Earl walipata mtoto mmoja, binti, Jacqueline, aliyefariki kwa uvimbe wa ubongo akiwa na miaka mitatu. Hawakupata mwingine. Kuna wanaotaka kumfanya Patty-Jo, ambaye hakukua kwa miaka yote kumi na moja, kuwa yule binti. Mimi sitaifungua siri ambayo mama hakuifungua. Ninachosema ni kwamba yeyote anayedharau kazi ya kuchora watoto kama kazi nyepesi ya wanawake akumbuke mikono iliyoifanya ilibeba nini.

Mwaka 1956 aliacha vibonzo. Akachora picha za ukutani na sura za watu, akaandaa maonyesho ya mavazi ya kuchangisha fedha, akawa miongoni mwa wajumbe waasisi wa bodi ya makumbusho ya DuSable ya historia ya Weusi huko Chicago. Ugonjwa wa viungo ukaja kuikamata mikono yake. Na katika miaka hiyo alikuwa mkusanyaji wa wanasesere, mwanachama wa klabu ya watu wanaowapenda. Alifariki Desemba 26, 1985.

Kabati la tatu ndilo lililofunguka kwanza. Mkusanyaji wa wanasesere, Nancy Goldstein, alikutana na Patty-Jo na akataka kujua ametoka wapi. Kutoka kwa mdoli akafika kwa kibonzo, kutoka kwa kibonzo akafika kwa mwanamke, na mwaka 2008 kikatoka kitabu kizima cha maisha ya Ormes. Mwaka mmoja kabla yake wanawake weusi wachora vibonzo walikuwa wameunda chama na kukiita kwa jina lake. Mwaka 2014 waandishi wa habari weusi wa Marekani wakamwingiza katika orodha yao ya heshima, na 2018 akaingia katika ile yenye jina la mchoraji Will Eisner, iliyo kubwa kuliko zote katika fani ya vibonzo, miaka 33 baada ya kifo chake. Plastiki ngumu ilifanya kazi ambayo nyaraka hazikuifanya, kwa sababu mtoto fulani alimpenda mdoli wake kiasi cha kutomtupa.

Likizo iliyopita nilichapa kwenye karatasi nene ukurasa mmoja wa Torchy wa rangi nilioupata, pamoja na mwanasesere wake na magauni yake, nikampa binti wa dada yangu mwenye miaka minane. Wanasesere wake wengine wote wana nywele za manjano. Alikaa sakafuni na mkasi asubuhi nzima. Alipomaliza kukata koti jekundu aliniita: "Mama mdogo, huyu nani alimshonea?" Nikamwambia jina, naye akalirudia mara mbili ili alishike. Kisha akaendelea kukata, na kipande cha juu cha ukurasa, chenye jina hilo, kikaanguka katikati ya takataka. Nikakiokota kabla ufagio haujafika.